Jinsi Nilivyomwandikisha Binti Yangu Katika Shule ya Lugha Mbili

Na Mwanafunzi wa Zamani wa Shule Hii

Nilipokuja nyumbani kwa likizo nilipita hapa shuleni kuwaamkia walimu wangu. Mwalimu wa Kiswahili aliniuliza habari za mtoto, nami nikamwambia kwamba anasoma hesabu kwa Kiingereza, sayansi kwa Kihispania, na jioni anazungumza na bibi yake kwa Kiswahili. Mwalimu alicheka, kisha akanyamaza kidogo, akasema, "Hebu liandike jambo hilo katika gazeti letu, maana kila mwaka wazazi huniuliza kama lugha nyingi humchanganya mtoto." Basi leo natimiza ahadi yangu. Sitasema mambo ya kusikia tu. Nitaeleza yale niliyoyaona, pamoja na kosa ambalo nusura nilifanye.

SHULE YA NAMNA GANI?

Mimi na mke wangu twakaa katika mji mmoja wa jimbo la Texas, Marekani. Kwanza sharti nieleze shule ya lugha mbili ni kitu gani, kwa maana jina lenyewe laweza kumpoteza mtu. Si shule ambamo Kihispania hufundishwa kama somo moja, kipindi kimoja kwa siku, kama sisi tulivyofundishwa Kiingereza katika shule ya msingi. Ni shule ambamo masomo yenyewe hufundishwa kwa lugha mbili. Mtoto hajifunzi lugha ili aje kuitumia siku za mbele; huitumia leo, akipima maharagwe katika mizani na kuchora mizizi ya mmea, na lugha humwingia hali yu kazini.

Shule hizi ni za namna mbili hasa. Katika namna ya kwanza, masomo hugawanywa nusu kwa nusu tangu darasa la awali, yaani mwaka mmoja kabla ya Darasa la Kwanza. Katika namna ya pili, mwaka wa kwanza sehemu 9 katika kila sehemu 10 za masomo huwa kwa Kihispania, na sehemu 1 tu kwa Kiingereza. Kisha Kiingereza huongezwa mwaka hata mwaka, mpaka mtoto afikapo Darasa la Nne au la Tano lugha zote mbili zinakuwa sawasawa. Nilipouliza kwa nini Kihispania kinapewa fungu kubwa hivyo, nilijibiwa kwamba Kiingereza mtoto atakipata dukani, barabarani na katika televisheni, apende asipende. Bali Kihispania kisipotunzwa shuleni kitazidiwa nguvu.

Tena watoto wenyewe huchanganywa kwa makusudi. Baadhi yao husema Kihispania nyumbani, na baadhi husema Kiingereza. Shule nyingi hujaribu kuwa na nusu kwa nusu, au angalau kundi moja lisipungue theluthi. Sababu yake ni hii: saa ya Kihispania mtoto wa Kimeksiko humsaidia mwenzake, na saa ya Kiingereza mwenzake hulipa deni. Hakuna mtoto anayekuwa mjinga siku nzima, wala hakuna anayekuwa bingwa siku nzima.

CHANZO CHAKE

Huenda msomaji akauliza Kihispania kimefikaje huko. Texas ilikuwa sehemu ya Meksiko mpaka mwaka 1836, ikaingia katika Marekani mwaka 1845. Kwa hiyo Kihispania kilisemwa katika nchi ile kabla ya Kiingereza, na leo watu zaidi ya milioni 40 katika Marekani hukisema nyumbani kwao. Hata hivyo hakikuheshimiwa shuleni. Sheria ya jimbo la Texas ya mwaka 1918 ilifanya kuwa ni kosa kwa mwalimu wa shule ya serikali kufundisha masomo kwa lugha isiyo Kiingereza, na watoto walioteleza wakasema Kihispania uwanjani waliadhibiwa. Wazee wetu watakumbuka kibao kilichofungwa shingoni mwa mwanafunzi aliyesikiwa akisema lugha ya mama yake. Kumbe adhabu ile haikuwa ya kwetu peke yetu.

Mabadiliko yalianzia upande mwingine wa nchi. Mwaka 1963, katika mji wa Miami, jimbo la Florida, shule ya msingi ya Coral Way ilianza kuwafundisha pamoja watoto wa Kikuba waliokimbia nchi yao baada ya mapinduzi ya mwaka 1959, na watoto wa Kimarekani, nusu ya siku kwa Kihispania na nusu kwa Kiingereza. Mwaka 1968 serikali kuu ya Marekani ilipitisha sheria ya kusaidia elimu ya lugha mbili, na mwaka 1969 Texas ikaiondoa ile sheria yake ya zamani. Leo katika jimbo hilo, wilaya ya shule yenye watoto 20 wa darasa moja wasiojua Kiingereza vizuri, ambao lugha yao ni moja, hulazimishwa kuwapa masomo ya lugha mbili. Tazama jinsi mambo yanavyogeuka: lililokuwa kosa limekuwa wajibu.

KUANDIKISHA

Sasa nieleze kazi ya kuandikisha, kwa kuwa hapo ndipo wazazi wengi hukwama, hasa sisi wageni.

Kwanza ni umri. Mtoto huingia darasa la awali akiwa ametimiza miaka 5 kabla au ifikapo tarehe 1 Septemba. Mwaka wa shule huanza mwezi wa Agosti, lakini maombi ya shule za lugha mbili hupokelewa miezi mingi kabla. Mzazi anayengoja mpaka Agosti hukuta nafasi zimekwisha.

Pili ni karatasi. Hutakiwa cheti cha kuzaliwa, karatasi ya kuonyesha mahali mnapokaa, kama vile hati ya kupanga nyumba au bili ya umeme, na kadi ya chanjo: pepopunda, dondakoo, kifaduro, polio, surua, rubela, matumbwitumbwi, tetekuwanga na homa ya ini. Sisi tulileta kadi ya kliniki ya Tanga, na ilitufaa sana, kwa kuwa tarehe zote zilikuwa zimeandikwa. Nawashauri akina mama wasitupe kadi hizo.

Tatu, mzazi asiogope. Wageni wengi hudhani kwamba mtoto asiye na hati za uhamiaji hawezi kusoma. Sivyo. Mwaka 1982 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi iliyotoka hapo hapo Texas, iliamua kwamba jimbo haliwezi kumnyima mtoto elimu ya bure ya serikali kwa sababu ya hati hizo.

Nne, yafaa mzazi aitembelee shule na kukaa darasani. Asitazame ukuta wala bustani. Atazame kama mwalimu wa Kihispania anashika Kihispania chake kweli, au kama anateleza kwenye Kiingereza kila jambo linapokuwa gumu. Akiteleza, watoto hujua upesi, na huacha kujitahidi.

Tano, ni bahati nasibu. Waombaji wakizidi nafasi, majina huchaguliwa kwa bahati. Pia mzazi huombwa kuahidi kwamba mtoto atakaa mpaka amalize Darasa la Tano, kwa maana anayetoka katikati hutoka na nusu ya lugha, na nafasi yake ni vigumu kuijaza kwa mtoto asiyejua Kihispania.

FOMU YA LUGHA YA NYUMBANI

Katika karatasi zile kuna moja fupi kuliko zote, nayo ndiyo iliyoninyima usingizi. Huuliza: Nyumbani kwenu mnatumia lugha gani? Mtoto hutumia lugha gani? Hujazwa mara moja tu, mtoto anapoandikishwa kwanza, na mzazi hutia sahihi.

Jirani yangu ni mtu wa Bukavu, nasi huamkiana kwa Kiswahili. Nilipomwonyesha fomu alisema, "Kaka, andika Kiingereza. Shule inataka watoto wa Kihispania na watoto wa Kiingereza. Wewe ukiandika Kiswahili, mtoto hana pa kuingia. Watakuambia ngoja."

Maneno yake yalikuwa na maana. Nililala na fomu ile juu ya meza kwa siku tatu. Nilijua kwamba binti yangu hakuwa na Kiingereza isipokuwa maneno ya katuni. Nilijua pia kwamba nyumbani kwetu hakisemwi Kiingereza. Lakini nafasi nilikuwa naitaka sana, na neno moja tu la uongo lilionekana dogo. Hata nilikwisha kuandika herufi ya kwanza. Mke wangu akaniuliza, "Mama yako akipiga simu kutoka Pangani, tutamwambia nyumba hii ni ya Kiingereza?" Nikaifuta herufi ile, nikaandika Kiswahili mahali pote pawili.

Nilipoipeleka, yule mama wa ofisini aliisoma, akaniuliza Kiswahili husemwa wapi, kisha akanieleza jambo ambalo jirani yangu hakulijua. Katika shule ile hesabu ya nafasi ni makapu mawili: wanaosema Kihispania, na wasiokisema. Mtoto wa Kiswahili huingia katika kapu la pili pamoja na watoto wa Kiingereza. Kwa hiyo ukweli haukutupunguzia bahati hata kidogo. Tena, kwa kuwa niliandika lugha nyingine, mtoto alipimwa Kiingereza chake, akaonekana kuwa bado, na sheria ikampa haki ya mafunzo ya ziada ya Kiingereza. Kama ningeandika uongo, asingepimwa. Angehesabiwa kuwa mjuzi wa lugha asiyoijua, na kila aliposhindwa wangedhani ni mzito wa akili. Kanuni za shule hazifanani, kwa hiyo mzazi na aulize ya shule yake. Lakini fomu ile haimpimi mzazi heshima yake. Ni dawa ya mtoto, na dawa hutolewa kwa ugonjwa uliotajwa.

Jina lake lilitoka mwezi wa Mei 2021.

MIEZI YA KWANZA

Wanafunzi wa Kidato cha Kwanza wataelewa haya vizuri kuliko wasomaji wengine. Mimi nilipoingia shule hii kutoka shule ya msingi, masomo yote yaligeuka kuwa Kiingereza kwa siku moja. Nilikaa muhula mzima nikiinakili ubao pasipo kujua nilichonakili. Nilipoona binti yangu anatumbukizwa katika lugha mbili ngeni kwa mara moja, moyo uliniuma.

Wiki za kwanza alinyamaza kimya. Nyumbani alilia, akasema hataki kurudi. Nilimwendea mwalimu wake nikitaka kumtoa. Yeye aliniambia kwamba kimya kile si ugonjwa. Mtoto anayeanza lugha ngeni mara nyingi husikiliza muda mrefu kabla ya kusema, kama mtoto mchanga afanyavyo. Kisha akanionyesha jinsi anavyofundisha. Hasemi neno peke yake. Akisema "maji" huyamimina. Akisema "zito" hulinyanyua jiwe. Vitu vyote vya darasa vimebandikwa majina kwa rangi mbili, rangi moja kwa kila lugha. Watoto hukaa wawili wawili, mmoja wa lugha hii na mmoja wa lugha ile, na hakuna kazi inayofanywa na mtoto peke yake mpaka wawili wamekwisha kuizungumza. Hapo nikaona tofauti na yale yaliyonipata mimi. Mimi nilibadilishiwa lugha, basi. Yeye alibadilishiwa lugha na pia akajengewa daraja.

Mwezi wa Novemba alisema sentensi yake ya kwanza ya Kihispania. Alimwambia mwenzake asimguse penseli zake.

KISWAHILI KILIVYOMSAIDIA

Jambo lililonistaajabisha ni jinsi Kiswahili kilivyomfaa katika Kihispania. Irabu za Kihispania ni tano, a, e, i, o, u, nazo hutamkwa karibu sawa na zetu. Tena neno la Kihispania, kwa sehemu kubwa, husomwa kama lilivyoandikwa. Mke wangu, asiyejua maana ya neno hata moja, aliweza kumsomea kitabu kwa sauti, na mtoto akamfasiria. Kwa Kiingereza jambo hilo haliwezekani. Nani atakisia neno la Kiingereza kwa kuliangalia tu?

Maneno nayo yana ujamaa. Kwa Kihispania meza ni mesa, bendera ni bandera, sukari ni azúcar, zaituni ni aceituna. Sababu yake ni historia. Wareno walifika pwani yetu mwaka 1498, wakajenga Ngome ya Yesu huko Mombasa kuanzia mwaka 1593, wakafukuzwa humo mwaka 1698, lakini meza na bendera walituachia; na Kireno na Kihispania ni ndugu, mama yao ni Kilatini. Sukari na zaituni zilitoka kwa Waarabu, ambao waliingia Hispania mwaka 711 na utawala wa Kiislamu ukadumu huko mpaka mwaka 1492. Lakini mtu ajihadhari: pera la Kihispania si lile la kwetu, ni tunda jingine kabisa. Binti yangu alitiwa makosa kwa kulichora pera la Pangani, akabisha sana.

Hata sarufi ilimsaidia. Kwa Kihispania husemwa libro bonito, libros bonitos, yaani kitabu kizuri, vitabu vizuri. Watoto wa Kiingereza hushangaa kwa nini sifa nayo ibadilike. Mtoto wa Kiswahili haoni ajabu, maana kwake kila kitu hufuata ngeli.

HASARA NILIYOIONA

Nisiwadanganye wasomaji. Katika mwaka wa pili tulipata pigo. Siku moja ya Ijumaa bibi yake alipiga simu akamuuliza, "Mjukuu wangu, umekula nini?" Mtoto akajibu kwa Kihispania, kisha kwa Kiingereza, akasimama, asione neno la Kiswahili. Mama alinyamaza. Halafu akasema, "Haya mwanangu, mpe baba yako simu." Nami sikuwa na la kumwambia.

Nikatambua kwamba shule ya lugha mbili hutunza lugha mbili, na yetu ni ya tatu. Hakuna mwalimu anayelipwa kuitunza. Sisi wenyewe, kwa kuona fahari, tulikuwa tumeanza kumjibu Kiingereza alipotusemesha Kiingereza. Tukaweka amri nyumbani: ndani ya mlango ni Kiswahili. Kila Jumapili humwandikia bibi yake barua fupi, na bibi huijibu kwa kusema katika simu. Mwanzo barua zilikuwa na mistari mitatu. Sasa amemaliza Darasa la Tatu, na barua ya mwisho niliyoiona ilikuwa kurasa mbili, makosa yakiwamo, ikiuliza jinsi ya kukuna nazi.

JE, LUGHA NYINGI HUMCHANGANYA MTOTO?

Sasa nirudi kwa swali la Mwalimu. Katika mji wa Portland, jimbo la Oregon, wataalamu walipata njia nzuri ya kulichunguza, kwa sababu huko nako nafasi hutolewa kwa bahati nasibu. Waliwalinganisha watoto waliopata nafasi na wale walioomba wakakosa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017. Katika Darasa la Tano waliopata nafasi walikuwa mbele katika kusoma Kiingereza kwa kadiri ya miezi 7 ya masomo, na katika Darasa la Nane kwa kadiri ya miezi 9. Katika hesabu hawakupoteza kitu. Yaani walitumia sehemu kubwa ya siku katika lugha nyingine, na Kiingereza chao hakikupungua bali kiliongezeka.

Lakini faida hiyo haikuja katika mwaka wa kwanza, na mzazi asiyekuwa na subira humtoa mtoto kabla ya mavuno. Binti yangu mwenyewe katika Darasa la Kwanza alikuwa nyuma ya watoto wa jirani katika kusoma Kiingereza. Leo yu sawa nao. Sitasema zaidi ya hapo.

Basi wazazi wenzangu, shauri langu ni machache. Lugha ngeni haimdhuru mtoto. Humdhuru lugha ngeni isiyojengewa daraja. Ukiulizwa lugha ya nyumbani kwako, itaje ilivyo. Na lugha yako usiiachie shule, hata shule iwe njema namna gani. Nanyi wanafunzi, hasa mlio katika Kidato cha Kwanza mkinyamaza kimya nyuma ya darasa, kaeni wawili wawili. Mwenye Kiingereza kidogo amsaidie asiye nacho, na mwenye hesabu amsaidie mwenye Kiingereza. Hilo halihitaji fedha wala ruhusa ya mtu ye yote, na laweza kuanza kipindi kijacho.